Fundi wa Kompyuta na Sauti ya Mama

Kompyuta yetu ilipogoma kuwaka, nilishajua nani wa kumlaumu kabla sijajua imeharibika nini. Mara ya mwisho ilipopelekwa kwa fundi mjini Kisii ilirudi nzito kufanya kazi kuliko ilivyokwenda. Mume wangu alisema ni uzee. Mimi nilisema wamechomoa kitu kizuri ndani wakatupachikia makombo yao, na hadi leo sijabadilisha msimamo.

Safari hii sikukubali itoke nyumbani. Fundi aje hapa Nyakoe, afanyie kazi mezani petu, nimwone mikono.

Kilichoninyima raha si kompyuta yenyewe. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mama yangu mzazi. Mama alikataa kupigwa picha maisha yake yote, lakini mwaka wake wa mwisho alimkubalia mume wangu amrekodi kwa simu akituombea. Simu ile ilipotea sokoni Marani, tukabaki na nakala moja tu, kwenye kompyuta. Niliificha katika folda niliyoiita "Risiti". Nimesikia mengi kuhusu mafundi wanaopekua vitu vya watu, na sijasikia hata mmoja anayepekua risiti.

Alikuja Jumapili mchana, maana Jumamosi sisi Wasabato huwa kanisani. Alikuwa kijana wa viatu safi na tabasamu lisiloisha, na watu wa kutabasamu hivyo mimi huwaangalia mara mbili. Alitusalimia kwa Kiswahili, akasema kwao ni upande wa ziwa, ambako lugha yetu haisemwi. Hapo mimi na mume wangu tulistarehe kidogo. Mgeni akiwa ndani, sisi huongea naye Kiswahili, na ya kwetu tunayasema kwa Ekegusii, lugha yetu, palepale mbele yake, kama watu waliofunga mlango.

Nilimwagiza mume wangu hivyo hivyo auchunge mkoba wa kijana, kisha nikavuta kiti karibu nikaanza kuchambua chinsaga, mboga ya jioni, macho yakiwa kwake. Aliwasha mashine. Kiduara kikazunguka weee, kisha kioo kikawa cheusi. Akasema window, ile programu inayoiendesha kompyuta, imekufa, lazima apige mpya. Akachomeka flashi yake, mashine ikaipuuza. Akazima, akawasha tena huku akigongagonga kitufe cha juu kwenye kibodi, akaiamuru ianze na flashi badala ya diski, ndipo ikaisoma. Nikajiambia huyu anaigiza ili kazi ionekane ngumu. Mara maandishi yakatokea kwamba window haiwezi kuwekwa kwenye diski hiyo.

"Mama, kuna kitu yenu kwa hii diski?" aliuliza bila kugeuka.

Swali hilo silipendi. Anayeuliza kuna nini ndani ya nyumba huwa na sababu yake.

"Hakuna," nilisema.

"Hakuna kabisa? Hii diski imekataa. Nataka kufuta hizi zote nianze upya."

Mimi nilidhani anafuta window mbovu tu, vitu vyetu vibaki vilipo. Mume wangu hakuwa na uhakika. Akaniuliza kwa Ekegusii: je, sauti ya mama?

"Kira," nilimwambia, yaani nyamaza. Nikaendelea kwa Ekegusii, macho kwenye mboga, kwamba sauti iko ndani ya Risiti, na kijana huyu hatakanyaga huko ikiwa hatumwambii.

Fundi aliondoa kidole kwenye kibodi. Akageuka, na kwa Ekegusii kilichonyooka kuliko cha watoto wangu akasema kwamba akibonyeza hapo, sauti hiyo hairudi tena.

Niliona aibu, lakini hasira ilitangulia. Kumbe alikuwa akitusikia tangu aingie, hata nilipomwagiza mume wangu auchunge ule mkoba wake usiondoke na vitu vyetu.

"Mbona hukusema unasikia?"

"Hamkuniuliza," alisema, akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi nimesomea Nyamira, huku huku kwenu, mama. Tangu nasari."

Dawa yenyewe ikawa kitu kile kile nilichokuwa nakiogopa. Ilibidi aifungue kompyuta, atoe diski, aiunganishe kwa waya na laptopu yake, maisha yetu yote yaingie kwenye mashine ya mtu nisiyemjua. Nilitaka kukataa. Mume wangu alinitazama tu. Nikasema sawa, lakini nikasogeza kiti hadi magoti yangu yakagusa meza.

Aliifungua Risiti, akakihamishia kilichokuwemo kwenye flashi niliyomletea, kisha akaicheza ile sauti ili tuhakikishe imefika nzima.

Mama akakohoa. Kisha akaanza kuomba, polepole, kwa ile sauti yake ya kuburuta maneno. Aliwataja wajukuu mmoja mmoja. Nilikuwa nimesahau kwamba mwishoni aliiombea pia nyumba yetu, kwamba mgeni yeyote atakayeingia kwa mlango huu apokewe vizuri, ale, atoke kwa amani.

Mimi na mume wangu tulikuwa tukilia. Aliyeitikia Amina ni fundi, kichwa kikiwa kimeinama.

Niliweka ungo wa mboga chini nikaenda jikoni kubandika chai. Tangu aingie sikuwa nimempa hata maji.