Theophil na Gemu za Shomari

Mwaka ule wa themanini na nne, kama ungepita Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, wakati wa alasiri, ukaona mtu mrefu mwembamba ameketi barazani, ameinamisha shingo kama anayesoma barua, usingehitaji kuuliza ni nani. Alikuwa Theophil, mtunza stoo wa duka la jumla la mjomba wake. Wala hakuwa akisoma barua. Alikuwa akicheza gemu.

Leo ukitaja gemu kila mtu anakuelewa, hata bibi yako. Wakati ule Bara hatukuwa na televisheni, sabuni yenyewe tuliipangia foleni, na mtu aliyeshika kidude cha betri chenye kioo cha kijivu na vivuli vyeusi vinavyokimbia alitazamwa kama mtu aliyerudi jana kutoka Ulaya. Theophil alikuwa hajafika hata Zanzibar. Gemu zilikuwa za Shomari, baharia, mtoto wa Bi Sabaha, mwenye nyumba aliyopanga Theophil. Kila meli ilipomrudisha, Shomari alitoa moja au mbili kwenye soksi zake, na kabla ya kuwauzia matajiri wa Upanga aliziacha kwa Theophil wiki nzima ili azijaribu. Kwa njia hiyo, katika miaka mitatu, Theophil alikuwa amecheza gemu nane, na juu ya kila moja alikuwa na maoni ambayo hakuna mtu aliyemwomba.

Ya mwashi, kwa mfano, hakuitaka kabisa. Kijitu kinarusha matofali juu, wenzake watatu wanayadaka na kuyapanga, na ukichelewa tofali linamwangukia kichwani. Theophil alipanga matofali mia nne jioni moja na nyumba haikupata hata dirisha. Alisema aliyeitunga hajawahi kuishi nyumba ya kupanga, maana angekuwa na huruma, angetia mlango.

Ya mzamiaji aliipenda nusu. Kulikuwa na kimya fulani ndani yake, mlio mdogo tu kama tone kwenye sufuria, na alipoicheza kelele zote za Kariakoo, mikokoteni, wapiga debe, mwadhini na redio ya fundi cherehani, zilipanda juu yake na kubaki huko, na yeye akabaki chini akielea kwenye maji ya kijivu. Mara mbili mjomba alimwita akajibu kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. Lakini bahari nzima kuwekwa samaki watatu, hapo aliona ubahili mtupu.

Ya mbio za magari aliisema kama mtu anavyomsema jirani asiyempenda. Barabara haina Chalinze, haina Korogwe, haina pa kushuka ukanunua machungwa. Unakimbia tu, unakimbilia wapi? Na ile ya ndege za vita aliirudisha siku ya pili bila kusema neno. Kaka yake Pantaleo alikuwa amerudi kutoka vita vya Kagera na mguu mmoja, na Theophil hakuona cha kuchezea hapo.

Halafu ikaja ya paa. Hii hakukubali iende Upanga. Alivua saa yake ya mkononi akampa Shomari, wakaachana hivyo.

Ndani ya gemu ya paa mna chumba kimoja, kitanda, na mtoto amelala. Mvua inanyesha. Paa linavuja mahali pawili, halafu patatu, halafu patano, na mtu mmoja mwenye ndoo anakimbia huku na huku kuyadaka matone. Tone likimpata mtoto, anajigeuza. Matone matatu, anaamka, mchezo umekwisha. Basi, hakuna zaidi. Hakuna adui wala zawadi. Theophil aliona ndiyo gemu pekee duniani iliyotungwa na mtu mwenye akili. "Hushindi kitu," alikuwa akisema. "Unamwacha mtu alale tu." Na usiku, kwenye chumba chake cha kupanga chenye bati zima kabisa, aliota mvua ya vivuli vyeusi inadondoka polepole, na yeye mikono yake ina ndoo, na hachoki.

Maneno haya yote alimwambia Bi Sabaha, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Wenzake sokoni walitaka kusikia habari za Simba na Yanga. Bi Sabaha alikaa barazani kila jioni akichambua mchele au akisuka ukili, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, na mwaka ule masikio yake yalikuwa yamekwisha. Ukimpigia kelele alishika neno moja kati ya kumi. Theophil hakupiga kelele. Aliongea taratibu, macho kwenye kioo, na bibi alitikisa kichwa pale alipoona panafaa. Mazungumzo yao yalikuwa mazuri kuliko ya watu wengi wenye masikio.

Kuna jambo moja hakumwambia hata yeye. Theophil alikuwa na mke kwao Kibosho, kule Kilimanjaro, Candida, na binti wa miaka mitatu, Severa, ambaye alimwona mara moja tu, angali mchanga wa wiki mbili. Aliporudi mjini aliandika nyumbani kwamba amefungua duka lake mwenyewe Kariakoo. Uongo ule ulikuwa mdogo ulipozaliwa, lakini ulikua haraka kuliko mtoto. Wachaga wote hufunga mizigo mwezi wa kumi na mbili wakaenda kula Krismasi kwao, na mtu mwenye duka anategemewa kushuka kwenye basi na mifuko. Krismasi tatu Theophil alibaki mjini, mitaa imetulia, maduka yamefungwa, yeye barazani na gemu yake. Alijiambia kuwa hapendi safari.

Sasa nikueleze habari ya kisahani. Miaka ile betri hazikuonekana, na ilipochoka hukuitupa, uliianika juani. Kila mtu alifanya hivyo na betri za redio na za tochi. Theophil naye alianika zile ndogo za gemu, zilizofanana na vifungo vya shati, kwenye kisahani cha Bi Sabaha juu ya ukuta wa baraza. Na Bi Sabaha alianika zake hapo hapo, kwa sababu Shomari alikuwa amemletea mashine ya kusikilizia ambayo inatumia betri za aina ile ile. Mwezi wa tatu Shomari alileta pakiti mpya ya betri mbili, akasafiri tena. Bibi hakuona sababu ya kuziamini mpya kuliko za zamani. Akazitoa kwenye pakiti, akazianika pamoja na zilizokufa, zikapate joto kidogo kabla ya kazi.

Jioni ya siku ile gemu ya Theophil ilifufuka. Matone yaliwaka meusi tii. Alilisifu jua la Dar es Salaam mbele ya kila aliyepita, na tangu hapo hakuifungua tena. Juma lile lile mashine ya Bi Sabaha ilinyamaza. Akaipigapiga, akaianika tena, mwishowe akaifunga kwenye leso na kuitia sandukuni. Alidhani kilichokufa ni masikio yenyewe.

Miezi mitano ilipita hivyo.

Mwezi wa nane Zamzam alichumbiwa. Zamzam ni mjukuu wa Bi Sabaha, alilelewa na bibi tangu mama yake afariki, na walilala kitanda kimoja mpaka msichana alipofika kimo cha kumpita. Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya alasiri, hapo hapo nyumbani. Siku ya Jumatano Bi Sabaha alitoka na leso yake, akaketi karibu na Theophil.

"Tofili, baba," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Wewe unajua vidude. Ijumaa shehe atakuja mlangoni na mashahidi kumuuliza mtoto kama ameridhia. Mimi ndiye nitakayekaa naye ndani. Watu wote watamsikia isipokuwa mimi. Nitazamie hii, hata kama ni kwa neno hilo moja."

Alifungua leso. Ndani mlikuwa na mashine, betri mbili zilizofifia, na ile pakiti tupu, maana Bi Sabaha hatupi kitu. Kwenye pakiti palichorwa betri yenye nukta ya buluu katikati. Theophil alizigeuza zile za bibi. Hazikuwa na nukta yoyote.

Alijua kabla hajafungua gemu. Alifungua hata hivyo, kwa ncha ya kisu, na nukta mbili za buluu zikamtazama. Alizitoa. Mbele yake mkokoteni wa viazi ulipita, na sauti yake ilimjia kutoka mbali, kama siku zile za mzamiaji, ila safari hii hakupenda kuwa chini ya maji.

Aliiwazia njia rahisi, nisikufiche. Angeweza kumrudishia mashine huku akitikisa kichwa, samahani Bibi, imekufa. Angebaki na paa lake. Angeweza pia kuitia betri na kunyamaza, akaitwa fundi. Mtoto ndani ya kioo alikuwa amezimika na kitanda chake, kioo kimebaki kitupu. Theophil alitia betri moja kwenye mashine, akamvisha bibi sikioni. Ilipiga mluzi mwembamba. Bi Sabaha alishtuka, akashika ukuta, macho yakamtoka.

"Ah," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alisema kwa sauti ya chini. "Kumbe fundi cherehani bado ana redio ile ile." Akamshika Theophil mkono. "Mungu akupe, baba. Fundi wewe."

"Bibi, mimi si fundi," alisema Theophil. "Betri zako nilizichukua mimi, kwenye kisahani. Sikujua, lakini ndizo nilizochezea miezi mitano. Masikio yako yalikuwa humu mkononi mwangu."

Bi Sabaha aliutoa mkono wake. Alitazama gemu, akamtazama yeye.

"Miezi mitano," alisema. "Mtoto ameposwa, amekuwa akija kitandani kuniambia ya moyoni mwake. Nami namtikisia kichwa. Sijui aliniambia nini hata kimoja." Alichukua betri ya pili, akainuka, akaingia ndani.

Alhamisi Bi Sabaha hakuja barazani. Kutoka chumbani kwake ilisikika sauti ya Zamzam, ndefu, ikikatika na kuanza upya, mara kicheko, mara kilio, mtu anayesimulia miezi mitano kwa siku moja. Theophil aliisikia kupitia dirisha alipotoka stoo na aliona haya. Usiku hakuota kitu chochote.

Ijumaa nyumba ilijaa. Mjomba alimruhusu mapema, naye akapanga viti, akabeba maji, akakwepa kila mlango ambao bibi angeweza kutokea. Shehe alikwenda na mashahidi wawili mpaka kwenye pazia la chumba cha ndani, na watu wote wakanyamaza, hata wale wa mtaani waliokuja kutazama tu. Theophil alisimama uani karibu na masufuria ya pilau. Shehe aliuliza. Kisha msichana alisema, "Nimeridhia," kwa sauti ndogo ambayo mwanamke yeyote mzee mwenye masikio ya kawaida angeikosa. Nyuma ya pazia Bi Sabaha alipiga kigelegele kabla ya wote, kirefu, kikavu, na wanawake wakampokea.

Karibu na magharibi, wageni wamepungua, Bi Sabaha alikuja barazani na sahani ya pilau. Akaiweka mbele ya Theophil. Akaketi mahali pake pa siku zote, akafungua kiganja. Mlikuwa na mashine yake na betri zote mbili, ile ya akiba na ile ya sikioni.

"Nililotaka kulisikia nimelisikia," alisema kwa sauti kubwa. "Lilikuwa neno zuri. Na yaliyobaki ameniambia jana yote. Chukua, ucheze. Mimi nimezoea kimya."

Theophil alizitazama. Sitasema uongo, alizitamani. Alijua zikirudi mahali pake mvua itaanza mara hiyo hiyo, na yule mtoto atalala. Alichukua moja, akainama, akaitia kwenye mashine na kumvisha bibi sikioni. Nyingine aliirudisha kwenye kiganja cha bibi, akakifumba.

"Kaa nazo, Bibi. Nitazoea."

Bi Sabaha alitulia, akisikiliza wauza machungwa wakifunga biashara. Uso wake ulikuwa bado na hasira kidogo, lakini ilikuwa ya kukaa nayo karibu.

"Basi kula," alisema. "Na ukila unieleze. Tangu mwezi wa tatu naona midomo yako inacheza hapa kila jioni, namtazama mtu anavyoongea kwa upole ule, najiuliza anasema nini. Leo nasikia. Ulikuwa unaniambia nini?"

Theophil alitaka kuanza na ya mwashi. Maoni yake yote alikuwa nayo tayari, juu ya madirisha na samaki watatu na barabara isiyo na Korogwe, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwomba. Sahani ya pilau ilikuwa ikipoa.

"Nina mtoto, Bibi," alisema. "Anaitwa Severa. Sijui anaongeaje."