Nguo za Mdogo Wangu Ziko Wapi?

Mimi ni dobi, na dobi hadanganywi kuhusu nguo. Nimefua nguo za mdogo wangu tangu alipoajiriwa mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, na kila kipande nakijua: magauni thelathini na nane, sketi kumi na moja, blauzi ambazo sina hata hamu ya kuzitaja, na makoti manne ambayo hali ya hewa ya kwetu haijawahi kuyadai. Kwa hiyo siku aliponiita nikaone chumba chake kipya cha kulala, swali lililonijia pale mlangoni halikuwa la uzuri. Nilijiuliza zimeenda wapi.

Chumba kilikuwa kizuri. Nalisema hili kwa shida. Kuta nyeupe, sakafu ya mbao za rangi hafifu, kitanda cha chini kabisa, shuka la kijivu, taa moja ya karatasi na mmea mmoja kwenye chungu. Pembeni alikuwa amening'iniza fimbo nyembamba kwa kamba mbili kutoka darini, na kwenye fimbo nguo sita. Alisema huo ndio mtindo wa watu wa kaskazini kabisa mwa Ulaya, wanaoishi na vitu vichache na roho zao zikatulia. Akasema sasa chumba kinapumua. Kinapumua, eti, kama kina mapafu.

Sitazunguka: niliona wivu. Niliona wivu mpaka chai aliyonipa nikaiacha nusu. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemfundisha kukunja gauni, na sasa yeye ndiye ananipa somo la kuishi na vichache, mimi niliyekuwa na magauni mawili utoto mzima bila mtu kuniambia kwamba huo ni mtindo. Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, nguo nyingine ameziweka wapi. Akajibu kwamba nyingi amegawa. Nilijua ni uongo, kwa sababu wiki ile ile alikuwa ameniletea magauni tisa kufua, na mtu aliyegawa nguo haleti kwa dobi.

Nilirudi nyumbani nikalitazama kabati langu. Lilikuwa na milango mitatu, mmoja haufungi, na juu yake masanduku yaliyopanda hadi darini. Mume wangu alilinunua mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na miaka yote nililiona kuwa mali. Siku ile nililiona kama mgeni aliyekataa kuondoka. Kesho yake nikampa jirani aliyekuwa akilitamani siku nyingi, nikapaka kuta rangi nyeupe, nikafunga mpini wa fagio kwa kamba zangu za kuanikia. Kisha, kwa kuwa kitanda cha mdogo wangu ni cha chini, nikachukua msumeno nikakata miguu ya changu.

Kwa siku mbili nilikuwa mtu mwenye furaha. Siku ya tatu nikaelewa nilichofanya. Nguo zetu zote zilikuwa zimelundikana sebuleni, kabati halipo, na uvungu wa kitanda, ambao ungemeza nusu yake, nilikuwa nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini mimi ni dobi. Naweza kukunja shati likawa dogo kama daftari la shule. Nikakunja kila kitu nikakipanga chini ya godoro, na mume wangu, mtu wa maneno machache, akaamka akisema ni kama amelala juu ya gunia la viazi. Zilizobaki nikazisogeza kwenye rafu za kazi, karibu na nguo za wateja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka, alikutana na mume wangu njiani amevaa shati lake. Dobi husamehewa shati kuchelewa, lakini hasamehewi shati kuvaliwa. Mwalimu akaja kuchukua nguo zake zote, hata zilizokuwa bado na maji, na nikajua kwamba nguo zetu zikibaki pale wiki nyingine nitapoteza na wengine. Nilimwendea jirani kwa aibu. Kabati lilikuwa limeshajaa nguo za wanawe, wala hakuniruhusu kumaliza sentensi.

Ndipo nikamkumbuka mama. Anaishi peke yake, chumba chake ni kikubwa, na nguo zake hazijazi hata mkoba. Nikajaza mifuko minne nikaenda.

Mama alinipokea vizuri mpaka nilipoelekea chumbani. Hapo akaniwahi, akasimama mlangoni, akasema nisubiri kwanza apange. Mama yangu hajawahi kupanga chumba kwa ajili yangu. Nikampita.

Magauni yalikuwa yamerundikwa kitandani hadi usawa wa dirisha. Makoti yote manne yalikuwa pale. Kulikuwa na maboksi ya viatu ukutani, na juu kabisa gauni la vifungo vya njano nililolipiga pasi Jumanne. Nguo za mama mwenyewe zilikuwa kwenye beseni, nyuma ya mlango.

"Mama, unalala wapi?"

"Kwenye kochi. Usimwambie kama umeona, nilimwahidi sitasema."

Nilipaswa kumwonea mama huruma. Nilijua hivyo wakati ule ule, na bado kilichonichoma kilikuwa kingine. Mdogo wangu alikuwa na chumba chake na cha mama pia, na wawili hao walikuwa na siri, na mimi niliyezifua nguo zote hizo sikuambiwa.

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Aliniomba, mwanangu. Wewe hujawahi kuniomba kitu."

Kisha akaiona mifuko yangu. Uso ukamlegea kwa furaha, akaanza kusukuma maboksi kwa mguu.

"Kumbe na wewe umeleta. Basi hicho kitanda kitolewe, kinanifaa nini? Kikitoka, zako zote zitaingia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshapima kwa macho. Zingeingia, na nafasi ya mfuko wa tano ingebaki. Nilisimama pale nikihesabu kitanda cha mama yangu kama rafu, nikijiambia kwamba kama yeye amepewa, kwa nini nisipewe.

Nikaanza kuitoa mifuko yangu nje, mmoja baada ya mwingine, niirudishe nyumbani. Mama akanifuata hadi kibarazani, akiniuliza amenikosea nini.