Nyaya Zilizosokotwa Kilole

Kila nipitapo kwenye kibanda cha fundi simu naye akiwa analehemu, harufu ya risasi inayoyeyuka hunisimamisha. Fundi hudhani nina simu ya kutengeneza. Sina. Kwa kitambo kile kifupi niko Kilole, Korogwe, mtoto wa darasa la tatu, nimeketi kwenye kizingiti cha chumba cha uani alichokaa Mjomba Omari.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, kitinda mimba wa kwao Handeni. Bibi alipofariki, mama ndiye aliyemlea, na hata alipoolewa alikuja naye. Nilimwita mjomba, naye, kama ilivyo desturi yetu, aliniita mjomba vilevile. Alikuwa na gitaa la umeme kuukuu, na amplifaya aliyoiunda mwenyewe kutokana na matumbo ya redio kubwa ya zamani, zile zilizotumia valvu, yaani taa ndogo za kioo ambazo sharti zipate moto ndipo sauti itoke.

Jioni aliiwasha. Valvu zilikaa giza kidogo kana kwamba zinaona haya, kisha zikashika wekundu wa kaa lililofunikwa na jivu, na vumbi juu ya vioo likaanza kunukia. Hapo mvumo ulianza, mnene, usiopumua, ukaenea uani hadi vifuniko vya sufuria za mama vikatetemeka. Mimi niliupenda. Nilisinzia nao pale kizingitini, nikihisi nyumba nzima ina moyo unaopiga.

Majirani hawakuupenda.

“Omari!” aliita Mama Rehema kutoka upande wa pili wa ua. “Hao nyuki wako, asali lini?”

“Vumilia, dada, bado wanajenga masega!”

Lakini kwa mjomba halikuwa jambo la mzaha. Kiongozi wa bendi moja ya dansi alikuwa amekuja kumsikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko. “Vidole vyako tunavitaka, kijana. Lakini amplifaya ya ziada hatuna, na hiyo yako inanguruma kuliko besi letu. Ukiituliza kabla hatujasafiri, tutaondoka wote. Usipoituliza, basi tena.”

Mjomba aliujua ugonjwa. “Umeme huu, mjomba, hauendi moja kwa moja,” alinieleza, akinionyesha nyaya mbili zilizopeleka moto kwenye valvu. “Unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Waya ukipita peke yake, hizo nenda-rudi zake zinaingia kwenye waya wa gitaa. Lakini zikikumbatiana hizi mbili, mmoja ukienda mwingine unarudi, zinafutana kelele.” Ilitakiwa zisokotwe kwa kukazwa, kisha zilazwe kwenye kona ya bati lililobeba valvu, mbali kabisa na waya wa gitaa. Tatizo lilikuwa vidole vyake. Vilikuwa vyepesi kwenye nyuzi, ila kila alichosokota kililegea. Mama ndiye aliyekuwa na mkono wa kusokota. Kamba zake za mkonge, alizozisokotea pajani, zilikuwa ngumu na sawa toka mwanzo hadi mwisho.

“Dada, nisaidie kuzisokota.”

“Ngoja niinjike kwanza.”

Kesho yake kulikuwa na nguo za kufua. Siku iliyofuata, maharage ya kuchambua. Safari ya bendi ilipokaribia, mjomba alishindwa kujizuia. “Ingekuwa kamba ya mbuzi, dada, ungekwisha kuisokota!”

 Alasiri ile mama alinawa mikono, akaketi mkekani, akapandisha kanga, akazilaza nyaya pajani. Alisokota taratibu, ametazama chini. Alipofika karibu na mwisho alizifumua zote, akaanza upya.

“Mbona unafumua, mama?”

“Zimelegea.”

Mimi sikuona palipolegea.

Mjomba alilehemu, akawasha. Valvu zikashika wekundu. Tukasubiri. Kimya. Nilidhani imekufa. Ndipo akagusa uzi mmoja, na sauti ikatoka safi, imesimama peke yake hewani.

“Wamehama?” Mama Rehema aliuliza kule ng’ambo ya ua.

Mjomba alinibeba juu juu, tukazunguka uani huku akicheka. Tulipotulia, mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda jikoni, na moto ulikuwa haujawashwa.

Wiki ileile mjomba aliondoka na lori la bendi. Alikuja kututembelea mara nyingi, lakini hakukaa nasi tena. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama hakupenda muziki. Nilipokuwa na watoto wangu, wakubwa wa kuondoka nyumbani, ndipo nilipomwelewa. Tangu yule kiongozi wa bendi alipokanyaga uani petu, mama alijua kwamba ule mvumo ndio pekee uliokuwa bado umemshikilia mdogo wake nyumbani, na kwamba yeye ndiye atakayeombwa aukate. Alitaka kuzisokota nyaya zile vizuri kuliko kamba zote alizowahi kusokota. Na alitaka kazi ile isiishe.