Wanaovumilia Mbali na Bahari

Juzi kwa fundi vioo hapa Mpanda nilimkuta mama mmoja, mzaliwa wa Mtwara aliyeolewa huku Kawajense, akiagiza tangi la samaki wa baharini. Miguuni alikuwa na kiroba cha chumvi ya Uvinza.

“Mama, hiyo ni ya mboga, itawaua,” fundi akacheka. “Si uchukue wa ziwani, wa Karema? Wana rangi na hawataki chumvi.”

“Wazuri, ila si wa kwetu.” Akamwonyesha kwenye simu matumbawe laini na samaki wawili wa mistari. “Muuzaji wa Dar kasema anayeanza achukue hawa. Wanavumilia kukaa mbali na bahari.”

Akachovya kidole kwenye chumvi, akalamba, akafumba macho.

“Huku una miaka mingapi, mama?” nikamuuliza.

“Thelathini.”

Sidhani kama duka la Dar lina anayevumilia kumshinda huyu.