Dama Aliyeuliza Kila Mlango

Dama wa Mangi alifanywa katibu wa tawi kwa sababu moja tu: alijua kuandika. Alikuwa amesomeshwa misheni alipokuwa msichana, na Mangi mumewe alipofariki, majirani zake wa upande wa Kinango walikuwa wamekwisha kuzoea kumletea barua zao awasomee. Mwaka wa 1961 chama cha majimbo, kilichotaka kila jimbo lijitawale, kilipofungua tawi, uenyekiti akapewa shemeji yake, Mramba, mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Daftari la wanachama likakabidhiwa Dama.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyotaka watu wajue. Kila aliyejiunga aliketi mbele yake juu ya kigoda, akataja jina lake na la babake, kisha akasema anachotaka. Wengi walitaka maji. Ushuru wa mnada wa ng'ombe ukibaki hapa hapa Pwani, walisema, utatuchimbia lambo, na wanawake wataacha kutembea nusu siku kwa debe moja. Dama hakuwa na hakika kama serikali ya jimbo ingeyaweza hayo. Lakini lile la mtu kuulizwa anataka nini lilimkaa moyoni. Yeye aliozwa bila kuulizwa. Hata Mangi alipougua, wanaume walikaa peke yao wakaamua apelekwe kwa nani, na yeye akaambiwa afunge mizigo.

Mwezi wa Novemba, 1964, redio ya dukani kwa jirani aitwaye Waziri ikatangaza kwamba chama kimevunjwa na wabunge wake wamejiunga na chama tawala. Alasiri hiyo hiyo Mramba akafika kwa Dama, hata kukaa hakukaa.

"Daftari liko wapi, shemeji?"

"Lipo. Kwani kuna mkutano?"

"Mikutano imekwisha. Wakubwa wamevuka, nasi tunavuka. Jumamosi chifu ana baraza. Nitampelekea daftari, majina yote yahamishwe kwa mara moja."

"Wenyewe wamekubali?"

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye majina."

Mramba akacheka, halafu akaona kwamba amecheka peke yake. "Dama, nchi ni moja sasa. Katapila la kuchimba lambo litakwenda kwa watu walio pamoja na serikali. Unataka tukae na kiu kwa ajili ya karatasi?"

"Sikusema tusivuke. Nimesema waulizwe. Nipe mpaka Ijumaa."

Siku nne hizo Dama alitembea na daftari kwapani, boma hata boma, jua likimchoma kisogo. Aliuliza swali lile lile kila alipopiga hodi: chama ulichojiunga nacho hakipo tena, je, unataka jina lako lipelekwe chama kingine, au libaki? Ziro alimjibu akiwa amemkaba ndama, bila kuinua uso: "Lipeleke." Kache, bibi kizee aliyewahi kusafiri kwa miguu mpaka Kwale kumsikiliza mgombea wao, aliuliza kwanza kama hicho kingine nacho kimeahidi maji. Alipoambiwa huenda, akasema basi na aandikwe. Randu alikasirika. "Watutia mashakani! Chifu akisikia kwamba bado tunaulizwa-ulizwa, atadhani tuna ubishi." Wifi yake Dama, Jumwa, aliyekaa kwa nduguye Mramba, alimkaribisha uji, akasema ndiyo, kisha akamshika mkono. "Wifi yangu, achana na jambo hili. Utaonekana mtu wa fujo."

Wa mwisho alikuwa Mramba mwenyewe.

"Ndiyo," alisema. "Andika kwamba nilisema ndiyo kabla hujauliza."

Ijumaa jioni Dama akaketi barazani kwake. Kando ya kila jina palikuwa na neno moja, ndiyo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Likabaki jina lake. Akajiuliza kwa haki kama alivyowauliza wengine, na akaona kwamba hana ugomvi na chama tawala. Hata lambo alilitaka kama wao. Ila alipojisikiliza, ile ndiyo haikutoka. Akafunga daftari.

Jumamosi, kwenye baraza lake, chifu alisoma majina daftarini, mmoja mmoja akaitika, watu wakapiga makofi. Mwisho akatazama huku na huku. "Na katibu?"

Dama akasimama. "Mimi sijavuka, bwana chifu."

Watu wakageuka kumtazama.

"Unaipinga serikali, mama?"

"La. Kodi nitalipa na sheria nitashika. Lakini chama kile nilikiingia kwa hiari yangu. Hiki sijakitaka bado."

Chifu alikuwa mtu mpole. Alimtazama kidogo, akasema, "Haya, keti," akaendelea na habari za chanjo ya mifugo.

Dama hakushtakiwa wala hakutukanwa. Ila barua hazikuja tena. Watu walianza kusomewa dukani, ingawa Waziri aliruka maneno asiyoyajua. Pakiwa na harusi, Dama alialikwa, akapewa mkeka mzima peke yake. Mramba alimwamkia njiani kwa heshima zote, wala hakusimama.

Mwaka uliofuata katapila lilikuja kweli, likachimba lambo pale pale walipopataka. Mramba alisema kweli, na Dama hakujidanganya juu ya hilo. Vuli ilipolijaza, alifurahi kama kila mtu. Asubuhi wanawake walikwenda kuchota pamoja wakipiga soga, sauti zao zikimfikia nyumbani. Yeye alikwenda adhuhuri, jua la utosi, wakati hapakuwa na mtu.

Siku moja alimkuta Jumwa amekaa ukingoni, debe lake limejaa zamani.

"Mbona huji asubuhi, wifi?"

"Nikija mwanyamaza."

Jumwa akachora chora matopeni kwa kidole cha mguu. "Si kwa ubaya. Hatujui la kukwambia. Ukitutazama, kila mmoja aona kama unataka kumuuliza tena."

"Sina la kuuliza tena, Jumwa."

"Najua."

Jumwa akamtwisha debe, akalisawazisha kwa mikono miwili, kisha akajitwisha lake. Njia ya kwa Mramba ilielekea kulia. Dama alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya mikonge, ndipo naye akashika njia yake, akienda polepole ili maji yasimwagike.