Pale Peupe Ndipo Nilipo

Fundi wangu wa chapa anasema picha haitundikwi mpaka aliyeichonga aandike maisha yake chini yake. Maisha yote haya, kwenye karatasi sawa na kiganja! Mimi darasani nilikaa mwaka mmoja, na nusu yake niliumwa macho. Haya, soma, na usinicheke mwandiko.

Naishi ghorofa ya tatu kwa mwanangu wa pekee. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi nikavunjika mkono. Mfupa umeunga zamani. Lakini tangu siku ile, akienda kazini ananifungia kwa nje na ufunguo anaondoka nao.

"Ni kwa usalama wako, mama."

Usalama! Mimi niliyempandisha ngazi hizihizi mgongoni, ndoo ya maji kichwani. Kuku naye hufungiwa kwa usalama wake.

Nikamwambia nitarukwa na akili. Akaniletea fundi, mama mmoja wa ghorofa ya chini anayechapa picha kwa ubao. Huja Jumamosi, mwanangu akiwepo. Alinipa ubao laini na patasi nyembamba kama ukucha.

"Bibi, unachokikata kitatoka cheupe. Unachokiacha ndicho kitashika wino. Na kidole kisikae mbele ya patasi."

"Binti, visu nimeshika mama yako hajazaliwa."

Kidole nikakikata palepale. Nikakificha kwenye nguo, nikasema siumwi.

Nilichora mlango wa kwetu, na mimi nimesimama mbele yake. Nikachonga siku tano peke yangu. Mlango niliugusagusa tu, mistari miwili mitatu na kitasa. Bidii yote niliiweka kwangu mwenyewe: kichwa, mabega, nguo mpaka chini. Maneno ya fundi yalikuwa yameshanitoka. Nilidhani kadiri ninavyochimba ndivyo nitakavyoonekana.

Jumamosi tukapaka wino kwa rola, tukalaza karatasi, tukaisugua kwa mgongo wa kijiko. Fundi akaibandua taratibu. Mlango ulitoka mweusi tii. Mimi, hamna kitu. Tundu jeupe lenye umbo la mtu.

"Bibi we, umejikata wote!" Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Usijali, ubao upo mwingine."

Mwanangu akachungulia juu ya bega langu. "Mama, mbona wewe sikuoni?"

"Nipo. Pale peupe."

Kicheko cha fundi kikakatika. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamnyoshea mwanangu kiganja.

"Basi nipe ufunguo, baba."

Akautazama mkono wangu, ule uliovunjika. "Mama, tusianze tena."

Jumatatu akanifungia. Nilisikia ufunguo ukizunguka mara mbili. Zamani ulizunguka mara moja.

Ubao mwingine nimeukataa. Nimechapa uleule, nakala ishirini, na fundi atazitundika hapo chini kwenye lango la jengo, ambapo wapangaji wote hupita. Na mwanangu hupita.

Sasa wewe uliyesimama hapo unasoma, usiondoke ukisema maskini bibi wa watu. Sitaki. Ngoja saa kumi na mbili jioni. Utamwona, mrefu, shati la kazini, mkate kwapani. Msimamishe hapohapo mbele ya picha, watu wakiwepo. Mnyoshee kiganja, umdai ufunguo wangu. Akikwambia ni kwa usalama wangu, usiushushe mkono.