Pikipiki Iliyopakwa Mawese

Mume wetu alifia zamuni kwa mke mdogo, na kwa kuwa pikipiki ililala pale alipolala yeye, ikabaki hukohuko Kasingirima. Hakuna aliyebisha. Mimi mke mkubwa nilibaki na nyumba ya karibu na soko na redio yake. Mwenzangu akabaki na pikipiki nyuma ya pazia la chumba chake, imefunikwa kitenge kama maiti inayosubiri ndugu wa mbali. Ukienda kumsalimia unakaa kitandani, magoti yako yanaigusa.

Ilikaa hivyo miaka na miaka, na mimi niliomba iendelee kukaa.

Watu wa Ujiji wakitaka kujua jina huja kwangu. Nani alimwoa nani, mtoto wa nani alizama Kibirizi, ninayo yote. Hapa sitaandika hata moja, maana wenye majina wana wazazi na wana watoto. Lakini vijana waliokwisha kwenye mteremko wa Mwanga, ule unaoshuka mpaka stesheni, ninaweza kuwataja mmoja mmoja, na mama zao, na shati alilokuwa amevaa kila mmoja. Sisi huku kwetu ni tambarare. Mtu anaweza kuendesha chombo kisicho na breki mwezi mzima asijue. Abiria wa maana wako Kigoma mjini, na mjini hufiki mpaka ushuke.

Kwa hiyo mtoto wa mwisho wa mwenzangu, aliyekuwa anaendesha bodaboda ya mtu, alipokuja kuniambia kwamba mwenye chombo amekichukua na kumpa mpwa wake, nilijua neno litakalofuata kabla hajalisema.

"Mama mkubwa, ya baba si ipo?"

"Ipo. Iache."

"Niiache, nile nini?"

Mtu mwenye mke na watoto halishwi kwa neno "iache".

Alileta fundi kutoka Katubuka. Wakaitoa nje kwa kuibeba, matairi yameshikana na sakafu, wakafunua kitenge. Nilitegemea kuona kutu. Wapi. Ilikuwa inang'aa, nyekundunyekundu, inateleza kama samaki.

Mwenzangu kwao ni mashambani, kwa Waha. Kwao jembe na panga haviwekwi hivihivi. Hupakwa mawese kwanza ili chuma kisiliwe. Kila mvua zilipokaribia, mwenzangu aliipaka pikipiki ya marehemu kama anavyopaka jembe.

Fundi aligusa, akanusa vidole. "Bibi, hii uliitunza au uliikaanga?"

"Wewe tengeneza," mwenzangu akamwambia. "Ingekaa kwa mama yako, leo tungechuma uyoga."

Fundi akacheka, akaanza kazi. Alifuta, akaweka tairi mpya, plagi mpya, betri. Akasafisha kabureta. Petroli ya zamani ilitoka imekuwa rangi ya chai na inanuka vibaya. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, ile ya baridi, tumejifunga khanga mbilimbili. Akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono, akakanyaga breki, likasimama. La mbele vilevile.

"Breki zinashika," akasema, na magurudumu hayakufunguliwa. Chuma kimekaa miaka yote hiyo hakina hata doa la kutu, utakifungulia nini?

Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Mwisho ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uani kote, ikanguruma.

"Huyo baba yenu amekasirika," mwenzangu akasema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Kijana aliizungusha mitaani. Aliporudi, jua limepanda, uani pakaja harufu. Harufu nzuri kabisa, ya maandazi. Majirani wakachungulia wakiuliza nani anakaanga. Wakaambiwa ni pikipiki, wakashika mbavu. Jina la utani likapatikana hapohapo, Mama Maandazi.

Mimi sikucheka. Kinachonukia kukaangwa kinakaangwa, na sikuona ni wapi.

"Ni mawese yangu hayo," mwenzangu akasema kwa maringo. "Niliyapaka kila mahali kidole kinapofika."

Kesho yake dada yake alikuwa anakuja na boti ya Kagunga, atashukia Kibirizi. Mwenzangu akavaa khanga mpya, akasema haendi kwa gari, atakwenda kumpokea kwa pikipiki ya mume wake.

"Ya mume wetu," nikamwambia.

"Wetu. Lakini nyuma yake nilikuwa nakaa mimi, dada. Wewe uliogopa."

"Na bado naogopa."

"Basi baki uogope, sisi twende."

Kijana akamfunga mama yake kofia ngumu juu ya khanga. Wakaondoka. Nikasimama barabarani mpaka ule mngurumo ukapotea upande wa Mwanga.

Niliingia jikoni kwake kupika, kwa sababu mgeni angefika na njaa. Chupa ya mawese ilikuwa dirishani, imeganda kama ilivyo desturi ya baridi. Niliigeuza kichwa chini, hayakutoka hata tone. Nikaiweka kando ya jiko, nikaendelea kuosha samaki, migebuka. Nilipogeuka tena, lile donge lilikuwa limeachana na ukuta wa chupa na linateleza lenyewe, taratibu, hakuna aliyeligusa.

Nilisimama na kisu mkononi. Breki zilijaribiwa asubuhi, kwenye baridi, mawese yameganda. Harufu ilikuja na joto.

Nilimpigia kijana, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia mama yake. Ikaita palepale kitandani, nyuma ya pazia. Nikampigia fundi.

"Gurudumu la nyuma ulilifungua?"

"Hapana bibi. Lilikuwa linashika."

"Lilikuwa la baridi."

 Nikasikia akidondosha spana, kisha akiwasha pikipiki yake.

Hakuwawahi. Walikuwa wameshaanguka. Kijana alisema juu kabisa ya mteremko alikanyaga breki ikawa kama anakanyaga matope. Ya mbele ikamsaidia kidogo, nayo ikalegea. Mbele yake kulikuwa na lori la saruji. Akachagua mtaro. Yeye alichunika mkono na shavu. Mama yake alivunjika nyonga.

Fundi alipolifungua gurudumu la nyuma alinionyesha: mawese yamekolea mle ndani, meusi kwa kuungua. Akayaosha kwa petroli, akaweka breki mpya. Ya mbele akasema ni waya tu uliolegea. Akaukaza, akajaribu, ikashika.

Kijana akatuweka chini, mimi na fundi. "Mama asijue. Akijua ni mkono wake uliotuangusha, atakufa kwa hilo kabla ya nyonga. Tumwambie mbuzi alikatiza."

Ilikuwa huruma, nami nikaikubali. 

Mwenzangu alilazwa wiki nyingi. Nilimpelekea uji kila siku, na kila siku mbuzi alizidi kunenepa. Mara alikuwa na kamba shingoni, mara alikuwa na ndama wa jirani nyuma yake. Mwenzangu alikuwa anasikiliza tu. Kijana alipopona alisubiri siku chache, kisha asubuhi moja akaja kuniaga. Amerudi kazini, na pikipiki ileile. Nilimtazama akitoka, nikaenda hospitali na chupa yangu ya uji.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mwenzangu hakupokea kikombe.

"Dada, mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

"Kwa nini?"

"Mwanangu anasema mweupe. Fundi alikuja kunisalimia, akasema mweusi. Na mimi nilikuwa nyuma ya mwanangu, macho wazi, sikuona mkia." Akanitazama. "Wewe hujawahi kunidanganya hata kwenye zamu. Rangi gani?"

Nikaweka kikombe chini. "Hakukuwa na mbuzi. Ni mawese. Yaliingia kwenye breki ya nyuma."

Nilimsubiri alie. Hakulia. Alikuwa anafikiri.

"Ya nyuma," akasema. "Na ya mbele?"

"Ya mbele fundi ameikaza. Inashika."

"Ameijaribu lini?"

"Asubuhi."

Akanishika mkono. Ana mikono ya jembe, kucha zake ziliniingia. "Dada, ya nyuma nilisukumia kidogo kwa unyoya wa kuku. Ya mbele ndiyo niliyoimiminia kwa kijiko, kila mwaka, kwenye kile kitundu cha waya. Nilisema gurudumu la mbele ndilo linalokutana na mvua kwanza. Hakuna aliyeniuliza. Mwanangu yuko wapi?"

Simu yangu ilikuwa kwenye pindo la khanga. Niliifungua kwa meno. Iliita, ikakatika. Nikapiga tena. Muuguzi akaniambia nitoke nje, nikamgeuzia mgongo. Mara ya tatu akapokea, mngurumo umejaa sikioni.

"Shikamoo mama mkubwa, sema haraka, nina abiria."

"Uko wapi?"

"Hapa Mwanga juu. Nashuka stesheni."

"Zima."

"Nini?"

"Zima pikipiki. Mshushe huyo mtu."

"Mama mkubwa, ni mama wa watu, ana mtoto mgongoni, anawahi treni."

"Mshushe. Mama yako anasema ya mbele aliimiminia kwa kijiko."

"Nani amemwambia mama?"

"Nusa," nikamwambia.

Pakawa na mngurumo tu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, mara moja, halafu mara ya pili, ndefu. Kisha ule mngurumo ukakatika, na nyuma yake nikasikia mtoto analia na mwanamke anamlaumu kwamba amempotezea safari.

Mwenzangu alikuwa hajaniachia mkono. "Amezima?"

"Amezima."

"Muulize tena," akasema.